Kutoka Regensburg kwa Baiskeli Bila Gari: Mwongozo wa Safari ya Kwanza Kando ya Mto Danube

Kila mwaka baridi inapopungua hapa Bavaria, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mmoja anauliza kama baiskeli inaruhusiwa ndani ya treni. Mwingine anataka kujua kama ni lazima kwanza anunue gari lenye keria ya kubebea baiskeli. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni muuguzi au mwanafunzi aliyefika Ujerumani karibuni, anauliza kwa sauti ya chini kama mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi anaweza kumaliza kilomita 40 bila kuaibika. Majibu ni kwamba inaruhusiwa, si lazima, na anaweza. Namna ya kufanya hivyo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa kufuata safari moja halisi tangu stesheni hadi mlangoni mwako.

Nimeuchagua mji wa Regensburg kwa sababu mazingira yake yanamfaa sana asiye na gari. Warumi walikamilisha ngome yao hapa mwaka 179, Daraja la Mawe likajengwa kati ya 1135 na 1146, na mji mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Daraja hilo limefungwa kwa magari binafsi tangu 1997, kwa hiyo mwendesha baiskeli huvuka Danube juu ya mawe ya karne ya 12 bila kupigiwa honi hata moja. Lenye faida zaidi kwetu ni kwamba reli zinaufuata mto kwa jumla, upande wa juu na upande wa chini, na stesheni ndogo zimetawanyika njiani. Ukichoka, ukilowa au ukiharibikiwa, stesheni haiko mbali.

Kanuni moja kabla ya yote

Karibu kila anayeanza hupanga safari kinyume. Hutoka nyumbani akiendesha, huifurahia asubuhi, hufika mbali kuliko alivyokusudia, kisha alasiri hutafuta treni ya kumrudisha akiwa hoi, pamoja na watu wengine wote waliowaza kama yeye. Nami nilifanya hivyo Jumapili moja ya Julai. Treni mbili ziliniacha katika stesheni ndogo kwa sababu nafasi ya baiskeli ilikuwa imejaa, nikafika nyumbani usiku nikiwa na njaa na hasira.

Tangu siku hiyo ninaanza kwa treni na kurudi kwa baiskeli. Asubuhi mabehewa huwa na nafasi zaidi, na hata treni moja ikikataa kukubeba, unasubiri inayofuata bila wasiwasi kwa kuwa siku bado ni changa. Ukisharudi barabarani, unaelekea nyumbani na hakuna ratiba inayokukimbiza. Zaidi ya hayo, Danube hutiririka kuelekea mashariki na upepo wa sehemu hii mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo ukienda kwa treni upande wa juu wa mto unarudi na upepo mgongoni. Usitarajie kuteremka bila kupiga pedeli, kwani mwinamo wa bonde ni mdogo mno kwa miguu kuuhisi. Upepo, hata hivyo, utauhisi.

Safari yenyewe ni hii: treni kutoka Regensburg hadi Saal an der Donau, baiskeli kilomita chache hadi Kelheim, mashua hadi monasteri ya Weltenburg na kurudi Kelheim, kisha baiskeli hadi Regensburg kwa njia ya mto, kama kilomita 35 hadi 40.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Baiskeli yoyote yenye gia chache na tairi zisizo nyembamba mno inatosha. Baadhi ya sehemu za njia hii zina changarawe laini badala ya lami, na tairi za mashindano hukufanya uteleze na kutetemeka. Kama huna baiskeli, ikodi mjini siku moja kabla, wala si asubuhi ya safari, ili upate muda wa kuizoea. Ningemshauri anayeanza asikimbilie baiskeli ya umeme kwa safari hii. Nyingi huwa na uzito wa kilo 25 hivi, na stesheni ndogo si zote zenye lifti, kwa hiyo unaweza kujikuta ukiibeba ngazini huku abiria wakikusubiri.

Sheria ya Ujerumani inataka baiskeli iwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, viakisi mwanga, kengele inayosikika na breki mbili ambazo kila moja inafanya kazi peke yake. Kofia ngumu hailazimishwi na sheria. Ivae.

Chukua pia tyubu moja ya akiba yenye ukubwa ulioandikwa ubavuni mwa tairi lako, viraka na gundi, vijiti vitatu vya plastiki vya kung'olea tairi, funguo ndogo za pembe sita na pampu. Kuhusu pampu, angalia kwanza mdomo wa tyubu yako. Hapa utakutana na aina tatu: ule wa zamani, ambao ni ndugu wa ule tuliouzoea kwenye baiskeli za Phoenix nyumbani, ule mnene kama wa gari, na ule mwembamba wenye kichwa kidogo cha kufungua kwa vidole. Pampu isiyolingana na mdomo ni mzigo tu. Ijaribu ukiwa nyumbani.

Kwa mwili, beba maji lita moja na nusu, chakula cha kutosha mlo mmoja, koti jepesi la mvua, mafuta ya kukinga jua na fedha taslimu, kwa kuwa migahawa kadhaa ya vijijini haipokei kadi. Duka la vyakula usilitegemee siku ya Jumapili. Bavaria hufunga maduka siku hiyo karibu yote, na mgeni aliyezoea kununua maji na mandazi kila kona atashangaa kukuta kijiji kizima kimya kana kwamba kimehamwa. Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kutoka ili isitegemee mtandao.

Mizigo yote iwe kwenye keria au kwenye mifuko ya pembeni. Begi la mgongoni ndilo kosa la kwanza la wanaoanza: halionekani zito nyumbani, lakini baada ya kilomita 15 jasho limelowesha shati na mabega yanalalamika.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Mei hadi Septemba ndiyo miezi mizuri, kwa sababu mashua za Kelheim huwa zinafanya kazi na giza linachelewa. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku. Siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi, na Jumamosi ni bora kuliko Jumapili. Angalia utabiri wa mvua, lakini angalia na upepo. Ikiwa siku hiyo utavuma kwa nguvu kutoka mashariki, ahirisha au geuza mwelekeo wa safari.

2. Rekebisha urefu wa kiti. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo kama unavyoendesha kawaida, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hicho ndicho kipimo sahihi. Watu wengi huweka kiti chini mno kwa kuogopa kuanguka, kisha jioni hulaumu umri wao kwa maumivu ya magoti yaliyoletwa na kiti. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

3. Zijue breki zako. Katika baiskeli nyingi za hapa breki ya mbele iko mkono wa kushoto, kinyume na wengi wetu tulivyozoea, na ukiibana ghafla kwenye changarawe unaweza kurushwa mbele. Baiskeli nyingine, hasa za kukodi, zina breki ya kurudisha pedeli nyuma: ukipiga pedeli kinyumenyume, hata kwa bahati mbaya, gurudumu la nyuma linakamata. Zunguka uwanja mtupu mara kumi hadi mikono na miguu ijifunze yenyewe.

4. Fanya safari ya majaribio. Wiki moja kabla, endesha kutoka Regensburg hadi Donaustauf, kama kilomita 10 upande wa chini wa mto, na urudi. Juu ya kijiji hicho utaliona jengo la Walhalla, hekalu jeupe la nguzo lililojengwa kwa amri ya Mfalme Ludwig wa Kwanza na kufunguliwa mwaka 1842. Lina ngazi 358, kwa hiyo amua mwenyewe kama majaribio ya miguu yameshatosha. Ukirudi nyumbani bila maumivu makali, uko tayari.

5. Nunua tiketi mbili, yako na ya baiskeli. Kosa la pili kwa wingi liko hapa. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 na ambayo wafanyakazi na wanafunzi wengi wanayo, inakubeba wewe, haibebi baiskeli. Kwa baiskeli unahitaji tiketi yake, na ya kuaminika zaidi ni ile ya siku nzima kwa treni za mikoa za Bavaria. Baiskeli ya kukunja, ikiwa imekunjwa, huhesabiwa kuwa mzigo na haitozwi. Kama huna tiketi ya mwezi na mko watu watatu hadi watano, Bayern-Ticket ya kundi, yaani tiketi ya siku ya treni za mikoa za Bavaria, inaweza kuwa nafuu kuliko kila mtu kununua yake, ila Jumatatu hadi Ijumaa huanza kutumika saa tatu asubuhi, na majina ya abiria lazima yaandikwe juu yake. Ukisafiri peke yako, linganisha bei na tiketi ya kawaida, kwa kuwa Saal si mbali.

Jambo dogo ambalo limewagharimu Waswahili wengi ni saa. Ratiba huandika 9:10 na 15:10, nasi vichwani tunasema saa tatu na dakika kumi na saa tisa na dakika kumi. Unapompigia mwenzako simu mkutane stesheni, taja namba iliyoandikwa kwenye ratiba, usitafsiri. Nimewahi kumsubiri mtu saa sita nzima, au tuseme yeye ndiye aliyenisubiri.

6. Panda treni kwa utaratibu. Fika dakika 20 kabla. Panda treni ya mkoa inayoelekea Ingolstadt na inayosimama Saal; safari ni takriban nusu saa. Treni za mwendo kasi za masafa marefu zina sheria nyingine kabisa, na baiskeli humo huhitaji nafasi iliyowekwa mapema, kwa hiyo usiingie yoyote tu kwa sababu inaelekea unakokwenda. Tafuta mlango wenye picha ya baiskeli, toa mifuko ya keria ukiwa bado jukwaani, wasubiri wanaoshuka, kisha ingia. Ifunge baiskeli kwa mkanda kama upo, au ishike. Usiiache na kwenda kutafuta kiti chenye mandhari.

Nafasi hiyo hiyo ndiyo ya viti vya magurudumu na vigari vya watoto, nao wana haki ya kwanza. Kondakta akikwambia ushuke ili apande mwenye kiti cha magurudumu, shuka, tena kwa uso mzuri. Tiketi ya baiskeli haikuhakikishii nafasi katika treni fulani.

7. Kutoka Saal hadi Kelheim, kaa kulia. Sehemu hii ni fupi na tambarare, lakini ndiyo yenye hatari kubwa kwa anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda, kwa sababu huko kwetu tunapita kushoto. Penye magari mengi hutakosea, maana utawafuata wengine. Utakosea kwenye kijia kitupu asubuhi, baada ya kusimama kunywa maji, unapoanza tena na mikono ikakurudisha nyumbani. Jizoeze kusema "kulia" kila unapoondoka mahali uliposimama. Aidha, katika makutano ya vijijini yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama njia yake inaonekana ndogo kuliko yako.

Vibao vya njia za baiskeli hapa ni vyeupe vyenye maandishi ya kijani na picha ya baiskeli. Fuata vilivyoandikwa Kelheim, na ukifika mjini, elekea mahali pa mashua zinazokwenda Weltenburg.

8. Funga baiskeli, panda mashua. Kati ya Kelheim na Weltenburg, Danube hupita katika korongo lenye kuta za mawe ya chokaa, urefu wa kilomita 5 hivi, na hakuna njia ya baiskeli inayofuata ukingo wa maji humo ndani. Anayetaka kwenda kwa baiskeli hupanda kilima cha msitu, na kilima hicho si cha siku ya kwanza. Mashua hupokea baiskeli kwa malipo, lakini kwa kuwa utarudi hapa hapa, ifunge Kelheim kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, pitisha kufuli ndani ya fremu na gurudumu, na uchukue pampu, taa za kuchomoka na mfuko wa thamani. Kupandisha mto huchukua kama dakika 40, kuteremka kama 20, kwa sababu ya mkondo. Kaa nje, si ndani kwenye vioo. Kuta zinapokaribiana, kelele za abiria hupungua zenyewe.

Weltenburg ni monasteri ya Wabenedikto iliyojengwa kwenye kona ya mto, na kanisa lake la karne ya 18 ni kazi ya ndugu wawili wasanii wa ukoo wa Asam. Ingia hata kama huna desturi ya kuingia makanisani. Katika madhabahu kuu kuna sanamu ya Mtakatifu George akiwa juu ya farasi, na mwanga humwangukia kutoka mahali usipopaona, kana kwamba anatoka nje ya ukuta. Monasteri hutengeneza bia yake na huutaja mwaka 1050 kuwa ndio ilipoanza. Kwa wanaokunywa, onyo: kiwango cha kileo kwa mwendesha baiskeli hapa ni 1.6 kwa elfu, na watu husikia namba hiyo wakadhani wana ruhusa. Ukiyumba au ukisababisha ajali, sheria inaweza kukushika kuanzia 0.3, na mwenye leseni ya gari anaweza kuipoteza kwa kosa alilofanya juu ya baiskeli. Kunywa juisi ya tufaa iliyochanganywa na maji ya gesi, ambayo Wajerumani wenyewe huipenda barabarani.

Rudi Kelheim kabla ya saa nane mchana, yaani 14:00 kwenye ratiba. Hiyo itakupa nafasi ya kutosha bila kukimbia.

9. Endesha kurudi Regensburg. Fuata vibao vya njia ya Danube, ambayo ni sehemu ya EuroVelo 6, ile njia ndefu ya baiskeli kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Hesabu mwendo wako kuwa kilomita 10 kwa saa pamoja na mapumziko yote. Huo ni mwendo wa mtu anayetazama, na ndio uliokuleta huku. Simama dakika 10 kila baada ya saa moja hata kama hujachoka, na kunywa maji kabla ya kiu. Tumia gia nyepesi ambayo miguu inazunguka haraka bila kusukuma kwa nguvu. Kama unasikia paja likikaza kila unapopiga pedeli, gia ni nzito mno.

Bad Abbach ni mji mdogo wa mabafu ya maji ya moto uliopo takriban katikati ya njia, na ndio mahali pa kula na kupumzika kwa muda mrefu. Chunguza mapema siku ambayo mgahawa unaoukusudia hupumzika, kwani kibao cha "Ruhetag" mlangoni kwa kawaida hukutana na mwenye njaa siku za Jumatatu au Jumanne. Mbele kidogo, huko Matting, kuna kivuko kidogo kilichofungwa kwenye kamba ya chuma ambacho husukumwa na mkondo wa mto wenyewe. Ukikikuta kinafanya kazi, panda uvuke, japo huna shida ya kuvuka. Mimi hufanya hivyo kila mara na sijawahi kupata sababu ya maana ya kujitetea.

Barabarani utakutana na watembea kwa miguu, mbwa na watoto wadogo. Piga kengele ukiwa mbali, si mgongoni mwao, na sema asante unapopita. Simu iache mfukoni. Kuishika ukiendesha kuna faini ya euro 55.

Ukifika Mariaort, ambapo mto Naab unaingia Danube, umebakiwa na kilomita chache. Ndani ya mji mkongwe mawe ya barabarani hutetemesha na huteleza yakilowa, kwa hiyo punguza mwendo, na penye umati ushuke na kuikokota.

10. Kabla ya kulala, jikague mwili mzima uone kama una kupe, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele. Kupe wa Bavaria wanaweza kuambukiza ugonjwa wa ubongo, ambao una chanjo, na ugonjwa wa Lyme, ambao hauna chanjo ya kupata hospitalini kwa sasa. Mtoe kwa kibano kidogo ukimshika karibu na ngozi bila kumminya, na ukiona duara jekundu linapanuka siku zinazofuata, nenda kwa daktari. Kisha futa mnyororo kwa kitambaa kikavu na utie tone la mafuta. Baiskeli iliyokodiwa ipige picha kabla ya kuirudisha.

Mambo yakiharibika

*Pancha.* Ikitokea gurudumu la nyuma lenye gia za ndani, usijaribu kulitoa ukiwa njiani. Laza baiskeli, ng'oa upande mmoja tu wa tairi, vuta tyubu nje, jaza upepo, tafuta tundu kwa kusikiliza au kwa kupitisha kwenye maji ya mto, kausha, bandika kiraka, rudisha. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utafute mwiba au kioo kilichokwama. Asiyefanya hivyo hupata pancha ya pili baada ya mita 500, na huilaumu gundi.

*Mnyororo umetoka.* Weka gia ya mbele kuwa ndogo kabisa kama zipo nyingi, sukuma mkono wa gia wa nyuma mbele ili mnyororo ulegee, uweke juu ya meno, zungusha pedeli kwa mkono. Ndiyo sababu ya kubeba kitambaa kibovu.

*Mikono inakufa ganzi.* Umeegemea usukani kwa uzito wote. Badilisha mahali pa kushika, kunja viwiko kidogo, na ukiwa umesimama hakikisha kiti hakijainamia mbele.

*Magoti yanauma.* Yakiuma mbele, pandisha kiti sentimita moja. Yakiuma nyuma, kishushe. Maumivu yakiendelea, usijilazimishe. Kati ya Saal na Regensburg kuna stesheni za Poikam, Bad Abbach, Gundelshausen na Sinzing, na tiketi ya siku ya baiskeli uliyonunua asubuhi bado inafanya kazi. Tazama ramani kwanza, kwa kuwa stesheni haiko lazima katikati ya mji unaobeba jina lake.

*Njia imefungwa.* Kibao cha "Umleitung" maana yake ni njia ya mzunguko, na inafaa kuifuata hata kama inaonekana inakupeleka kusikojulikana. Kibao cha "Hochwasser" kinaonya kuhusu mafuriko, na hicho hakina mjadala. Mwaka 2013 na tena Juni 2024 Danube ilifurika vibaya hapa. Maji yaliyotulia juu ya njia ya baiskeli huficha mashimo na mitaro. Geuka.

*Mvua ya radi.* Ondoka juu ya tuta la mto na mbali na mti uliosimama peke yake, ingia kwenye jengo, subiri. Mvua za radi za kiangazi aghalabu hupita upesi.

*Umeanguka.* Ondoka njiani kwanza, kisha jichunguze. Namba ya dharura ni 112, nayo haitozwi. Taja jina la kijiji cha mwisho ulichopita na upande wa mto ulipo, kwa sababu "kando ya Danube" haimsaidii anayetuma gari la wagonjwa.

Safari ya pili

Ukishaizoea njia ya Kelheim, nenda Straubing, kama kilomita 50 upande wa chini wa mto kupitia Donaustauf na Wörth. Hapo kanuni yangu inapata mgogoro: ukitaka upepo mgongoni unaanza kwa baiskeli na kurudi kwa treni, na ukitaka kurudi nyumbani kwa baiskeli unaupokea upepo kifuani. Siku za kazi mimi huchagua upepo mgongoni, kwa kuwa treni za jioni kutoka Straubing huwa na nafasi ya kutosha, ila mwezi Agosti ninaziepuka kabisa siku za tamasha kubwa la Gäubodenvolksfest, ambapo mabehewa hujaa watu waliovaa mavazi ya ngozi na baiskeli haipati hata mahali pa kusimama.